KUZIPIMA SIFA KWA KIINGEREZA

Mhariri ameniomba niandike habari za somo la Kiingereza, hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza, ambao miaka yote ya shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili. Nimechagua jambo moja dogo, yaani namna Waingereza wanavyozipima sifa: kitu kimoja kukizidi kingine, au kuvishinda vyote. Nasema ni dogo, lakini liliwahi kunitia aibu, na nusura limponze bibi yangu.

Nilikuwa Kidato cha Pili, nimekwenda nyumbani likizo. Bibi alikuwa amevimba mguu, na siku zile zahanati ilikuwa na daktari mgeni asiyejua Kiswahili. Nesi ndiye aliyekuwa akimfasiria, lakini asubuhi ile alikuwa chumba cha pili akifunga kidonda cha mtoto. Basi nikajitia hodari, nikasema nitafasiri mimi. Daktari akautazama mguu, akaniuliza, "Is it worse today?" Neno "worse" sikulijua. Nilijua "bad", tena nililijua sana. Nikadhani aniuliza kama mguu wenyewe ndio ule ule wa juzi, nikajibu kwa adabu, "Yes, Doctor." Akakunja uso, akaandika sindano. Bibi alipoiona yaandaliwa akanigeukia: "Mume wangu, mbona nataka kuchomwa tena, na mguu umepungua tangu juzi?" Kwa bahati nesi alisikia, akaja akauliza upya. Kisha akaniambia polepole, "Mwanangu, umemwambia daktari kwamba mguu umezidi ubaya." Bibi alirudi nyumbani na vidonge vyake vile vile, nami njia nzima sikufungua kinywa.

Tangu siku ile nimeitafuta sana sababu ya kosa langu, nami naona ni hii. Katika Kiswahili kipimo hukaa nje ya sifa. Twasema "mbaya kuliko jana", "mbaya zaidi", "mbaya kushinda yote", na neno "mbaya" halisogei mahali pake. Hata mtu asipolisikia lile "kuliko", ataambulia "mbaya". Kiingereza hukitia kipimo ndani ya sifa yenyewe. "Tall" ni mrefu. "Taller" ni mrefu kuliko mwingine. "The tallest" ni mrefu kuwapita wote. Sifa zetu hubadilika kichwa kwa kufuata ngeli (mti mrefu, kiti kirefu, njia ndefu), na sifa zao hubadilika mkia. Tena ziko chache zinazobadilika mwili mzima: "good, better, best", "bad, worse, worst", "little, less, least", "much" na "many", zote mbili huwa "more, most". Usicheke, maana hata sisi twasema "kuja", lakini tukimwita mtu twasema "njoo". Maneno hayo yafaa kujifunza matatu matatu siku moja. Mimi nililijua la kwanza tu, na mnaona yaliyonipata.

Kanuni nyingine si ngumu. Sifa fupi ya silabi moja huongezwa "er" na "est". Ikiwa mwisho wake una vokali moja na konsonanti moja, ile konsonanti huandikwa mara mbili: "big, bigger, biggest". Yenye "y" mwishoni hugeuza "y" kuwa "i": "happy, happier, happiest". Sifa ndefu hazifungwi mkia, bali hutanguliwa na "more" na "most": "beautiful, more beautiful, most beautiful". Za silabi mbili zina kigeugeu. "Careful" hutaka "more", lakini "clever" hukubali njia zote mbili.

Makosa yetu hasa hutokana na kufikiri kwa Kiswahili huku tukiandika Kiingereza. Mmoja huandika "I am tall than you", kwa kuwa ameona "than" yatosha kama "kuliko". Mwingine huogopa kwamba kipimo hakijatosha, akakitia mara mbili: "more better". Wa tatu hufikiri "mrefu sana kuliko", akaandika "very taller". Hapo Mwingereza husema "much taller". Na hili la mwisho hata viranja hulikosea: "senior" na "junior" ni maneno ya Kilatini yaliyokuja na kipimo chake tayari, wala hayapatani na "than". Kiranja ni "senior to me".

Mwaka jana tulipokuwa tukisoma Julius Caesar, ule mchezo wa Shakespeare wa mwaka 1599 ambao Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili mwaka 1963, mwenzetu mmoja aliinua mkono kwa furaha. Alikuwa ameona kwamba Antony, katika hotuba yake mbele ya maiti, ameipa sifa moja vipimo viwili, "most" mbele na "est" nyuma. Mwalimu alikubali. Alisema zamani zile Waingereza walisema hivyo kutia mkazo, wala hawakuona haya. Baadaye watu wa sarufi, kama Robert Lowth katika kitabu chake cha mwaka 1762, wakalitia kosani. Mwenzetu akauliza kama naye aweza kuandika hivyo katika mtihani wa taifa. Darasa zima lilicheka, lakini mimi naona swali lake lilikuwa zuri kuliko vicheko vyetu.

Iko hila nyingine ambayo ni ya akili kuliko ya sarufi. Ukiandika "Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa", umesema Kilimanjaro chajizidi chenyewe, maana nacho ni mlima wa Afrika. Andika "any other mountain". Lakini Mlima Kenya waweza kuulinganisha nacho bila hofu, kwa kuwa ni mita 5,199 na Kilimanjaro ni mita 5,895. Na kama vitu ni viwili tu, Waingereza waangalifu hawasemi "the highest", husema "the higher of the two".

Haya, ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza, sahihisheni sentensi hizi: "Our dormitory is more cleaner than yours." "Lake Victoria is very larger than Lake Tanganyika, but Lake Tanganyika is deep than it." "My cough is badder today." Atakayemaliza aniletee daftari bwenini Jumamosi, kabla ya kengele ya kulala. Ile ya tatu nitaitazama kwanza.