SOMO LA ROBO HII: AFYA YA MOYO KWA AKINA MAMA – TULIYOJIFUNZA KISIWANI MAFIA



Somo hili linahusu ugonjwa ambao haupati nafasi katika ajenda za vikao vyetu. Malaria tunaizungumza, UKIMWI tunauzungumza, vifo vya uzazi tunavizungumza, na ni haki kufanya hivyo. Lakini magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayochukua takriban theluthi moja ya vifo vyote vya wanawake duniani. Hata hivyo wengi wetu bado tunadhani ni ugonjwa wa wanaume wanene wa mjini.

Kabla ya kuendelea, kamati isome Marko 5:25-34. Ni habari za mwanamke aliyeugua miaka 12, akamaliza mali yake kwa matabibu, na hatimaye akamwendea Yesu kwa nyuma, kwa siri, katikati ya watu. Jiulizeni kwa nini alipita nyuma. Tutalirudia swali hilo mwishoni.

Moyo wa mawazo na moyo wa nyama

Tulipoanza kuzungumza na akina mama wa Kilindoni, Kirongwe na vijiji vya kaskazini, kikwazo cha kwanza kilikuwa lugha. Katika Kiswahili chetu moyo ndipo mahali pa huzuni, mapenzi na kinyongo. Mama akisema, "Moyo unanienda mbio," jirani humjibu, "Una mawazo, mwenzangu, punguza." Akisema moyo unamuuma, huulizwa nani kamuudhi. Akisema kifua kinamchoma, huambiwa ni kiungulia, atafune kipande cha muhogo. Basi anatafuna muhogo.

Ni kweli mara nyingi ni kiungulia, na mara nyingi ni mawazo. Lakini shambulio la moyo kwa mwanamke halina budi kujulikana. Maumivu makali ya kifua yanaweza kuwapo, na hapohapo au badala yake akahisi uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, jasho la baridi, kukosa pumzi, au maumivu ya taya, shingo, mgongo na mkono. Dalili za namna hii ndizo zinazopuuzwa kwa urahisi, na mwenye kuzipuuza mara nyingi ni mwenye mwili mwenyewe, kwa sababu sufuria iko jikoni na watoto hawajala.

Kiharusi nacho kina majina yake. Mtu akipooza upande mmoja wengi husema amepigwa na upepo, au kuna mkono wa mtu. Hatukwenda Mafia kugombana na imani hizo. Tulichosisitiza ni kwamba mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, safari ya kwanza iwe ya hospitali, saa hiyohiyo. Mengine yatazungumzwa baadaye.

Chanzo kikubwa ni presha

Utafiti wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi waliotibiwa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba shinikizo la juu la damu ndilo lililokuwa chanzo kwa karibu nusu yao. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu. Huo ni umri wa mama anayelea wajukuu, anayelima na kuchuuza, na mara nyingi ndiye anayelipa ada za shule.

Presha haiumi. Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo. Mtu anaweza kuishi na 160 kwa 100 miaka kumi huku anasuka mikeka ya ukili, anakwenda kuokota pweza maji ya bamvua yakitoka, na anacheka na wenzake. Wakati huo moyo unasukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, unta zake zinakakamaa na kuta zake zinanenepa, figo zinaharibika na mishipa ya ubongo inadhoofika. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, huyo ni mgonjwa hata kama hajisikii chochote.

Uzazi una mambo yake. Mama aliyepata presha ya mimba au kifafa cha mimba hubaki na hatari kubwa zaidi ya presha na ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye, hata kama alijifungua salama. Ni wachache waliowahi kuambiwa hivyo. Tena wapo wanaopata udhaifu wa moyo kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na miezi mitano baada ya kujifungua: miguu inavimba, pumzi zinabana akilala chali, anaamka usiku kutafuta hewa. Katika siku arobaini za uzazi dalili hizi hudhaniwa ni uchovu wa kawaida. Kwa sababu hiyo tumewaomba makungwi na wakunga wa jadi wazijue, maana wao ndio wanaoingia chumbani kumkanda mzazi, siyo sisi wenye semina.

Na mwanamke anayemeza dawa za presha akihisi ana mimba, awahi kliniki na kusema anatumia dawa gani, kwa kuwa baadhi yake zinamdhuru mtoto tumboni. Asiziache mwenyewe.

Tulivyokosea

Tunaona ni vema tuandike jambo hili wazi, kwa kuwa wafadhili wetu wana haki ya kulisoma.

Marekani, tangu mwaka 2003 na 2004, wanawake wamekuwa wakihamasishwa kuhusu moyo kwa kuvaa nguo nyekundu mwezi wa Februari. Tuliipenda picha hiyo tukaichukua kama ilivyo. Tulifika na vitambaa vyekundu na picha ya moyo iliyokatwa katikati. Bibi mmoja akatuuliza kwa utani kama tumekuja kupunga mashetani, kwani kwao kitambaa chekundu ni cha mganga. Watu walicheka, nasi tukacheka, lakini somo la siku ile liliishia hapo.

Kosa la pili lilikuwa la upimaji. Tulipima saa sita mchana, akina mama wametoka kuteka maji, wamesimama kwenye foleni wanazungumza. Tukapata presha nyingi ajabu. Mtu hupimwa akiwa ameketi na kutulia dakika tano, mgongo umeegemezwa, mkono umelazwa usawa wa moyo, haongei. Hupimwa mara mbili. Tena mkanda wa kipimo lazima utoshe mkono; ukibana, namba hupanda bure.

Kosa la tatu ndilo lililotuumiza. Katika ziara hiyo tulimpima mama mmoja mchuuzi wa samaki, tukakuta 190 kwa 110 hata baada ya kupumzika. Tukamwandikia rufaa. Alikwenda, akapewa dawa za mwezi mmoja, akazimaliza, akajiona mzima, akaacha. Tuliporudi baada ya miezi saba tulimkuta kitandani, mkono na mguu wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki. Aliyekuwa akimlisha ni binti yake wa kidato cha pili, ambaye alikuwa ameacha kwenda shule. Katika taarifa yetu ya robo ile mama huyo alihesabiwa miongoni mwa walengwa "waliofikiwa".

Tulipofanya kikao cha tathmini hakuna aliyekuwa na la kusema kwa muda. Tangu siku ile tumekubaliana kutopima kijiji ambacho hatujajua dawa zake zitapatikana wapi na nani atawafuatilia wagonjwa.

Elimu inayokaa kijijini

Mafia ina watu zaidi ya 66,000 kwa sensa ya mwaka 2022, na walio wengi ni Waislamu. Sisi Walutheri ni wachache mno, na sehemu kubwa ni watumishi waliohamia kutoka bara. Kwa hiyo mradi wa afya unaoanzia mimbarani kwetu na kuishia hapo hauwezi kufika mbali. Tuliwaomba masheikh na walimu wa madrasa tukae nao kwanza, na walitupokea vizuri kuliko tulivyotegemea.

Njia ya viongozi wa dini ina ushahidi wake hapa nchini. Huko Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha vijiji 16. Katika vijiji 8 ambako viongozi wa makanisa walifundishwa kuhusu tohara ya wanaume, zaidi ya nusu ya wanaume walijitokeza. Kwingine hawakufika theluthi. Tohara siyo presha, na kumeza kidonge kila siku ni kugumu kuliko tendo la siku moja. Lakini neno la mtu anayeaminika lina uzito.

Mfano mzuri ni Ramadhani. Wanawake wengi walikuwa wakiacha dawa mwezi mzima kwa kudhani kidonge na funga haviendi pamoja. Sheikh alipofundisha kwamba mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na mganga wa zahanati akaeleza kwamba kwa wengi dozi inaweza kupangwa wakati wa futari na daku, mambo yalibadilika. Sharti ni kumwona tabibu kabla mwezi haujaandama, siyo kujipangia.

Kazi yenyewe sasa imehamia kwenye vikundi vya upatu. Akina mama wanakutana kila wiki kwa fedha zao; wakishakaa na kutulia, mmoja wao aliyefundishwa anapima, mwingine anaandika kwenye daftari. Asiyeonekana wiki mbili hufuatwa nyumbani. Baadhi ya vikundi vimeanza kuweka shilingi 500 pembeni kwa dawa, na kwa nauli ya anayetakiwa kuvuka kwenda Nyamisati na hatimaye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2015 imepunguza haja ya kuwapeleka wagonjwa India.

Huko upatuni ndiko tunakozungumzia chumvi. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kisiwani ng'onda na papa mkavu ni chakula cha watu, hatuwezi kusema wasile. Tunashauri samaki mkavu alowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha mchuzi usitiwe chumvi nyingine. Wapishi wengine wamekubali, wengine wanasema mchuzi umepooza. Ndimu imesaidia kidogo.

Ombi kwa wafadhili

Mafomu mengi ya taarifa yanauliza tumepima wangapi. Tunaomba pia mtuulize: kati ya waliokutwa na presha mwaka jana, wangapi bado wanameza dawa leo? Idadi hiyo itakuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, na haitapendeza kwenye jedwali. Kuifuatilia kunahitaji betri, mikanda mipana, madaftari na nauli ya mtu wa kwenda Jibondo na kurudi. Hayo hayapigwi picha, ila ndiyo yanayokosekana.

Maswali ya kujadili

1. Mwanamke wa Marko 5 alipita kwa nyuma. Katika usharika wenu, ni ugonjwa gani ambao akina mama wanauficha, na wanamficha nani?

2. Ni akina mama wangapi katika mtaa wenu waliowahi kupata kifafa cha mimba au presha ya mimba? Nani amewapima tangu wakati huo?

3. Mume asipokuwepo, nani katika nyumba zenu anaruhusu safari ya hospitali usiku?

4. Zahanati iliyo karibu nanyi ina dawa za presha mwezi huu? Mjumbe mmoja aende kuuliza, asikisie.

Majibu yaandikwe na katibu wa kamati na yafikishwe ofisi ya miradi kabla ya kikao cha robo ijayo.