Dondoo muhimu: Unanunua nyumba ya kwanza Kenya?

Anza na ushuru wa stempu. Mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, mashambani asilimia 2; kwa nyumba ya shilingi milioni 3 jijini, hizo ni 120,000 taslimu. Anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu husamehewa ushuru huo. Usilipe kabla ya kumuuliza wakili wako.

Kisha kuna riba ya mkopo, na hapa wengi huacha pesa mezani. Tangu mwisho wa Desemba 2024, unaweza kuondoa hadi shilingi 360,000 za riba kwa mwaka kwenye mapato yanayotozwa kodi. Elewa vizuri: hupewi 360,000 mkononi. Ukiwa unatozwa asilimia 30, unaokoa hadi 108,000. Inahesabiwa riba tu, si mkopo wenyewe, na lazima uishi katika nyumba hiyo. Ukiipangisha, nafuu hii huipati.

Chukua taarifa ya riba kutoka benki, umpelekee mwajiri mapema, na uijaze pia kwenye ritani kabla ya Juni 30.