Mechi Ikikatizwa, Kadi Hazifutiki

Tuseme timu mbili zinacheza Kiboriloni. Dakika ya 60 mvua kubwa inashuka, refa anasimamisha mchezo. Je, kadi zimefutika?

Hapana! Mechi ikiendelea kutoka dakika ile, mabao na kadi ni zile zile. Mwenye njano akipata ya pili, anatoka. Timu iliyobaki na watu 10 inaendelea na watu 10.

Mwaka 2012, mjini Nairobi, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards ilisimama kwa fujo. Mchezaji wa Gor alikuwa amepewa kadi nyekundu. Mechi ilipoendelea, kadi ilibaki. Fujo haifuti kadi.

Lakini mechi ikirudiwa tangu mwanzo, kanuni za mashindano ndizo zinazoamua. Zisomeni mapema.

Zoezi: Nahodha, andika jina, rangi ya kadi na dakika. Maandishi huzuia ugomvi.