SOMO: JUU YA NINI KICHWA CHA MTOTO KINABAKI KIDOGO?



Siku ya kipimo, muuguzi anazungusha utepe katika kichwa cha mtoto wako. Anatafuta kujua kama ubongo unakua vizuri. Wako watoto wanaozaliwa na kichwa kidogo sana. Wengi wao wanakawia kukaa, kutembea na kusema. Halafu maneno yanaanza katika jamaa: «Ni ulozi.» «Ni mama yake, alivunja mwiko.» Mama anafukuzwa, mtoto anafichwa nyumbani. Basi, tujifunze ukweli.

WENYE ELIMU WALIONA NINI?

Ubongo unajengwa ndani ya tumbo, pahali macho hayafiki. Kwa hiyo walitafuta njia ingine. Mwili wetu umejengwa na vipande vidogo sana vyenye uzima, vinaitwa selule. Mwaka 2007, munganga Shinya Yamanaka wa Japani na wenzake walionyesha kwamba selule za ngozi ya mtu mzima zinaweza kurudishwa kuwa kama zile za mwanzo wa mimba.

Mwaka 2013, katika mji wa Vienna, inchi ya Austria, Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich na wenzao walichukua selule za ngozi ya mgonjwa mwenye kichwa kidogo. Walizirudisha mwanzo, wakazilisha katika labo mpaka zikawa mfano wa ubongo, mdogo kama punje ya mahindi. Usiogope, mama: ule si mtu, hauwazi. Ni wa kujifunzia tu.

Selule za mwanzo zinapaswa kuzaana sana kwanza, kisha kugeuka selule za ubongo. Za mgonjwa yule ziligeuka mapema mno. Ni kama jamaa inayokula mbegu mbele ya kupanda: mavuno yanakuwa kidogo.

Aina ile ya ugonjwa mtoto anaipata kwa baba na kwa mama, wote wawili, nao wenyewe ni wazima. Baba pia asikie neno hili!

UGONJWA WA MBU

Kichwa kidogo kina sababu zingine pia. Mwaka 2015, katika inchi ya Brazili, watoto wengi walizaliwa hivi. Mama zao walipata ugonjwa wa Zika wakiwa na mimba. Mwaka 2016, watu wa labo huko Rio de Janeiro walitia kidudu cha Zika katika mifano ile ya ubongo. Kiliua selule, na mifano ikakua pungufu karibu 40 kwa mia. Hakuna mlozi pale, ni mbu.

UFANYE NINI?

1. Kuja kupima mimba mapema, upimwe na damu juu ya sifilisi.
2. Mbu wa Zika anauma muchana. Mwanga maji yanayolala katika makopo na mipira ya gari. Usiku lala ndani ya mustikeri, juu ya malaria.
3. Usikunywe pombe ukiwa na mimba, hata kasiksi kidogo.
4. Mtoto mwenye kichwa kidogo, mulete. Dawa ya kukuza kichwa haiko, lakini kifafa kina dawa, na mtoto anaweza kufundishwa kukaa, kula na kucheza. Akifichwa, hafundishwi.

MAULIZO

Juu ya nini si haki kumfukuza mama ya mtoto huyu?
Ni nani nyumbani kwako utakayemuelezea somo hili leo?