Laini Moja, Kompyuta Nne: Ninavyogawa Intaneti Nyumbani Musoma

Nyumbani kwetu Musoma laini moja ya intaneti inatosha kompyuta nne: mbili za watoto wanaosoma, moja ya mama watoto anayechapa kazi za watu, na yangu. Kila kompyuta haihitaji laini yake. Ruta huipa kila moja anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168, kisha huko nje zote huonekana kama moja. Mbinu hii iliandikwa mwaka 1994, ilipoonekana kwamba anwani za intaneti zitakwisha.

Anza na mahali pa kuweka ruta. Kama ni ya laini ya simu, iweke juu, karibu na dirisha la upande wa mnara. Dada yangu wa Bunda aliiweka chini, nyuma ya televisheni. Tulipoipandisha juu ya kabati la vyombo, chumba cha mwisho nacho kikapata. Wi-Fi ya GHz 2.4 hupenya ukuta wa tofali vizuri zaidi, ya GHz 5 ina kasi mkiwa karibu.

Ila kompyuta isiyohama, ipelekee waya. Hapo sina mjadala: Wi-Fi waachie wenye simu na laptopu. Waya wa Cat5e unafika mita 100, na matundu ya ruta yakiisha, swichi ndogo ya matundu matano unaichomeka tu, haitaki mipangilio. Kichwa cha waya nakibana mwenyewe. Klipu iangalie chini, mdomo wa kichwa ukuelekee wewe, kisha kuanzia kushoto panga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kata ncha zilingane, sukuma mpaka uone shaba imegusa mwisho, ndipo ubane. Upande wa pili mpangilio ni huohuo.

Faida ya mtandao wa ndani niliiona Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchini. Kompyuta zetu ziliendelea kupeana mafaili na kutumia printa moja, kwa sababu kazi hiyo haitoki nje ya nyumba.

Sasa bando. Linalolitafuna kimyakimya ni masasisho ya Windows, kila kompyuta ikishusha yake. Ingia kwenye mipangilio ya masasisho, ruhusu kuyachukua kutoka kompyuta nyingine, na uchague za mtandao wa ndani pekee. Moja ikishusha, nyingine zinaokota kwake. Lakini ukiwa umewasha mpangilio wa intaneti yenye kipimo, kugawana huko kunasimama, kwa hiyo chagua kimoja.

Umeme ukikatika, mjomba wangu wa Butiama anaendelea kwa betri ndogo ya ruta. Soma kwanza lebo ya adapta: kuna ruta za volti 9 na za volti 12, na ukizidisha unaiunguza.

Nywila iliyobandikwa chini ya ruta ibadilishe siku ileile unayoiwasha, pamoja na ile ya kuingilia kwenye mipangilio. Jirani akiomba, mfungulie mtandao wa wageni wenye nywila yake. Hapo anapata intaneti bila kuyafikia mafaili ya watoto wala printa.