Kukata Leseni Upya Ukiwa Buteba: Vidokezo vya Watu wa Mpakani

Tangu 2018, lori linalovuka mpaka wa Uganda na Kenya hapa Busia husimamishwa kwenye kituo kimoja tu, si viwili. Usidhani leseni nazo zimeunganishwa hivyo. Kila upande una zake, na kila kazi ina kalenda yake.

1. Leseni ya biashara hufuata duka, haimfuati mwenye duka. Una duka Buteba, upande wa Uganda, na kibanda ng'ambo, Busia ya Kenya? Kata leseni ya gombolola huku, na kibali cha kaunti kule. Ukimwonyesha askari wa kaunti karatasi ya Uganda, utamchekesha tu.

2. Soma tarehe, usikisie. Uganda ilirekebisha sheria mwaka 2015, na sasa leseni ya biashara hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Aliyekata Mei hana haja ya foleni ya Januari. Mwenye duka la dawa ndiye wa kuhurumiwa: yake hutolewa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa na huisha 31 Desemba, hata kama aliikata Septemba. Huyo aanze kufuatilia mapema, kabla maofisa hawajaanza kuwaza Krismasi.

3. Mwenye hoteli upande wa Kenya, kibali cha mwaka kisikupe usingizi. Cheti cha afya cha mpishi ni cha miezi 6. Wengi hukamatiwa hapo, leseni ya hoteli ikiwa haina kasoro.

4. Watu wa boda, permiti ya kuendesha ya Uganda huwa ya mwaka 1, 3 au 5. Kenya ni 1 au 3. Mfuko ukiruhusu, chukua ya miaka mingi. Siku moja ya foleni ni siku nzima bila abiria. Na ipige picha kwenye simu leo: ikipotea, polisi watakuuliza namba kabla ya kukuandikia barua.

5. Lipa kwa namba, si kwa mkono. Permiti ya Uganda hulipiwa kwa namba ya malipo ya URA. Ya Kenya kwa eCitizen, paybill 222222. Broka anayetaka pesa taslimu "aharakishe mambo" mwache aende zake.

6. Umenunua duka la mtu? Uliza ofisi ya leseni kuhusu jina lililo kwenye leseni kabla ya kufungua.

7. Bandika leseni ukutani. Sheria ya Uganda inataka ionekane dukani, si sandukuni nyumbani.