Gari na Baisikeli Zigonganapo, Kosa ni la Nani?

Kila mara gari na baisikeli zigonganapo barabarani, hukumu hutangulia kufika kabla ya polisi. Watu hukusanyika, na kabla majeruhi hajainuliwa wamekwisha gawanyika makundi mawili. Wenye magari husema, "Hawa wa baisikeli hujitupa tu barabarani kama kuku." Wenye baisikeli husema, "Hawa wenye magari wadhani walinunua gari pamoja na barabara." Kisha hutokea mzee mpole anayetaka kuwapatanisha, naye husema, "Ndugu zangu, ajali haina kinga." Hapo wote hutawanyika, kila mtu na lake.

Sisi twaona ya kuwa hukumu zote tatu zina kasoro, na iliyo mbaya kupita zote ni hiyo ya tatu, ingawa ndiyo yenye maneno matamu. Ajali nyingi za barabarani zina kinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki. Msiba wa namna hiyo hauwezi kuitwa bahati mbaya tu, maana una sababu zake, na sababu zajulikana.

Ili tuhukumu kwa haki, yatupasa kutenganisha maswali matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza, ni nani aliyevunja sheria? La pili, ni nani aliyekuwa na wajibu mkubwa zaidi wa kuizuia hatari? La tatu, ni nani atakayelipa hasara? Majibu ya maswali haya si lazima yamwangukie mtu mmoja.

Tuanze na la kwanza. Mbele ya sheria baisikeli ni chombo cha barabarani, na anayeipanda si mwenda kwa miguu aliyeongezewa magurudumu. Tanzania, Kenya na Uganda zote hufuata mkono wa kushoto, na agizo hilo humfunga mwenye baisikeli kama linavyomfunga mwenye lori. Basi apandaye upande wa kulia, akatizaye ghafula bila kutazama nyuma wala kunyosha mkono, atembeaye usiku bila taa, aliyekunywa pombe, au mwenye breki za kusimamisha kwa kisigino cha kiatu, huyo amekosa, wala umaskini haumwondolei kosa. Wengine hawakosi kwa kusudi. Mchukuzi wa mkaa hufunga magunia nyuma ya baisikeli hata kiakisi mwanga kikafunikwa kabisa, naye huingia mjini alfajiri asionekane ila kwa kivuli.

Lakini dereva naye ana makosa yake, na aghalabu hayahesabu kuwa makosa. Huipita baisikeli kwa karibu hata kioo chake kikakaribia kugusa kiwiko cha mpandaji. Huipita, kisha papo hapo hukata kona ya kushoto mbele yake. Husimama kando ya njia na kufungua mlango bila kutazama nyuma. Zaidi ya yote, hupiga honi akidhani kuwa honi ni amri, na ya kwamba akiisha kuipiga hana dhambi tena kwa litakalotokea. Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe," nao walitoa shauri jema kwa mnyonge. Hawakumpa mwenye nguvu ruhusa ya kukanyaga. Baisikeli yenye mzigo huyumba, na upepo wa basi lipitalo kwa kasi huitikisa. Ndiyo maana nchini Ufaransa sheria humtaka dereva aache nafasi ya mita 1.5 aipitapo baisikeli nje ya mji. Nafasi hiyo isipopatikana kwa sababu gari jingine linakuja, jibu ni moja tu: angoje.

Sasa tuje kwenye swali la pili, nalo ni swali la hesabu. Baisikeli pamoja na mpandaji wake huenda isifike kilo 100, hali lori lililopakia hupita kilo 20,000. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, na sekunde moja hupita kabla mguu haujaishika breki. Tena, mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Gari dogo lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, likienda kilomita 80 halitasimama kabla ya mita 50 na zaidi tangu dereva aone hatari. Je, usiku, taa zikiwa zimeinamishwa, dereva huyo aweza kumwona mtu wa nguo nyeusi umbali huo? Mara nyingi hawezi. Basi amekwenda mbio kuliko macho yake, hata kama kibao cha njiani humruhusu mwendo huo.

Hapo twaona ya kuwa makosa mawili yaweza kuwa sawa katika kitabu cha sheria yasiwe sawa barabarani. Mpanda baisikeli akikosa, kwa kawaida hujihatarisha mwenyewe kwanza. Dereva akikosa, humhatarisha mwingine. Anayeleta chombo chenye kuua ndiye apaswaye kuzidi kujihadhari, kama vile mwenye kubeba panga sokoni apaswavyo kujihadhari kuliko mwenye kubeba kikapu. Uingereza iliandika jambo hili waziwazi katika kanuni zake za barabara mwaka 2022: wenye vyombo viwezavyo kudhuru zaidi ndio wenye jukumu kubwa zaidi la kupunguza hatari, wala kanuni hizo hazikuwaondolea wengine wajibu wao.

Kwa swali la tatu, nchi kadhaa zimekwisha amua kwamba fidia isifuate kosa peke yake. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1985, haimnyimi mpanda baisikeli fidia ya majeraha aliyotiwa na gari, ila kosa lake liwe lisilosameheka na liwe ndilo peke yake lililoleta ajali. Huko Uholanzi mahakama zimeweka kanuni kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 hulipwa fidia yote, na mtu mzima hulipwa walau nusu hata kama naye alikosa, isipokuwa kosa lake likikaribia kuwa la kukusudia, au dereva athibitishe kwamba hakuwa na njia yoyote ya kuepuka.

Dereva mmoja atatuuliza, "Je, ni haki nilipe kosa la mwingine?" Swali lake ni la haki. Jibu letu ni kwamba kulipa fidia si kuhukumiwa kuwa mhalifu, na kwamba ndiyo sababu pana bima. Nchini Tanzania sheria huagiza kila gari liwe na bima ya kuwalipa watu wengine litakaowaumiza. Hata hivyo jamaa wengi hupokea fedha ya sanda na gunia la mchele, wakaandikiana karatasi, wasijue kwamba mjane na watoto walikuwa na haki ya kudai zaidi. Basi ajali itokeapo, andikeni namba ya gari, toeni habari polisi, chukueni fomu ya PF3 kwa matibabu ya majeruhi, na ulizeni habari za bima ya gari lile. Wala msimpige dereva. Apigwaye na umati hufundisha wenzake kukimbia, na dereva akikimbia majeruhi hubaki bila wa kumpeleka hospitali.

Yuko pia mkosaji wa tatu, asiyeonekana mahali pa ajali: aliyeichora barabara ya lami bila kuacha njia ya baisikeli pembeni, hali akijua watu wa hapo huendea nini shambani, sokoni na shuleni. Tangu mwaka 1997 Bunge la Sweden limekubali kwamba wajenzi wa barabara nao hushiriki wajibu, kwa kuwa binadamu hatakosa kukosea, na kosa dogo lisilipwe kwa uhai. Mabaraza yetu yafaa yaulizwe jambo hili kabla mkandarasi hajaondoka.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, utakapofika penye ajali usiulize kwanza, "Alikuwa na gari au baisikeli?" Uliza: Kila mmoja alikuwa upande gani? Alikuwa na taa? Alikwenda mwendo gani? Aliacha nafasi gani? Kisha uliza ni nani aliyekuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuizuia. Na wewe mwenye baisikeli, kabla ya jioni ya leo tazama taa yako na breki zako. Wewe mwenye gari, utakapoiona baisikeli mbele yako, punguza mwendo kwanza, honi baadaye.